Miguu inawaka, usingizi hauji, dawa zinanilewesha: niache ipi?

Swali

Jambo muganga. Mimi ni mama wa miaka 61, ninauza sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwa) sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Nina sukari tangu miaka 11, ninameza metformini, na ya tansio (shinikizo la damu) ni amlodipini. Mwaka jana miguu ilianza kuwaka na kuchoma usiku, hata shuka ikiigusa siwezi kuvumilia. Daktari wa kwanza alinipa Laroxyl 25 ya kumeza usiku, ikasaidia kidogo. Baada ya miezi mitatu, kwenye kituo kingine wakaniandikia Lyrica 75, asubuhi na jioni. Usingizi ukawa bado mbaya, ninaamka mara nne kwenda kukojoa. Farmasi ya mtaani wakaniuzia diazepamu 5 ya usingizi. Sasa ni wiki sita ninaimeza kila usiku. Mtoto wangu wa kiume naye aliniletea tramadoli, ninaimeza maumivu yakizidi, mara mbili au tatu kwa wiki. Sasa kichwa kinazunguka, kinywa kimekauka, choo kinakuja baada ya siku nne, miguu imevimba, na ninasahau hata nani ana deni langu sokoni. Wiki iliyopita nilianguka kwenye ngazi usiku nikienda chooni. Watoto wanataka kutupa zote. Dada yangu alisoma kwenye karatasi ya Laroxyl kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Ni dawa ipi inaniharibu, na niache ipi? Jambo la mwisho: binti yangu wa Goma ana mimba ya miezi minne, anaumwa mguu kuanzia kiunoni. Anaomba nimtumie plaketi moja (karatasi moja ya vidonge) ya Lyrica kwa boti. Nimtumie?

Jibu

Mama, pole sana kwa kuanguka. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo la haraka. Kama uligonga kichwa, na sasa kichwa kinauma kila siku zaidi, unatapika, au mkono au mguu mmoja umelegea, usimalize hata kusoma jibu hili. Nenda hospitali leo. Kama uliumia goti tu na unatembea vizuri, basi tuzungumze taratibu.

Mambo mawili uyashike kuanzia usiku huu. La kwanza: usimeze tena tramadoli. La pili: usiwakubalie watoto watupe dawa zote chooni kwa siku moja. Najua wanakupenda na wameogopa, nami ningeogopa nikimwona mama yangu ameanguka ngazini. Lakini diazepamu uliyoimeza kila usiku kwa wiki sita, ukiikata ghafla, mwili unaweza kukujibu kwa kutetemeka, jasho, wasiwasi mkubwa, usiku mzima macho, na wakati mwingine hata degedege. Lyrica nayo haikatwi ghafla. Inashushwa kwa muda usiopungua wiki moja. Laroxyl vilevile inapunguzwa polepole.

Kwa nini tramadoli iondoke kwanza, wakati ndiyo unayoimeza mara chache? Kwa sababu ndiyo inayogombana na zote tatu nyingine. Tramadoli ni ya ukoo wa afyuni, inapunguza kasi ya kupumua. Diazepamu nayo inalegeza kupumua. Pregabalini, yaani Lyrica yako, inafanya hivyohivyo kwa wazee na kwa watu wenye figo au mapafu dhaifu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuliko yote liandikwe juu ya kuchanganya dawa za ukoo wa afyuni na za ukoo wa diazepamu, kwa sababu watu walikuwa wanalala na hawaamki. Mwaka 2019 ikaongeza onyo juu ya gabapentini na pregabalini. Tena tramadoli ikikutana na Laroxyl, zote mbili zinaongeza kemikali moja ya ubongo iitwayo serotonini, na zote mbili zinarahisisha degedege. Ikizidi, mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakimbia, joto linapanda na akili inavurugika. Na kwako mwenye sukari kuna jingine: tramadoli inaweza kuishusha sukari ya damu chini mno bila kukupa taarifa. Kwa kuwa unaimeza mara mbili tatu tu kwa wiki, unaweza kuiacha sasa hivi bila kuishusha hatua kwa hatua. Anayeimeza kila siku kwa miezi ni habari nyingine; huyo apunguze akiwa na daktari.

Mtoto wako usimgombeze. Alikuona unaumia, akaleta kile kinachopatikana. Lakini mwambie hivi: plaketi iliyokatwa kwa mkasi, isiyo na jina wala tarehe ya kuisha, hakuna mtu anayejua ndani yake kuna miligramu ngapi.

Sasa swali lako lenyewe, dawa ipi inakuharibu. Umenieleza mlolongo mzima bila kujua, na nimeusoma mara kadhaa. Mimi naona hivi: hakuna dawa moja yenye kosa lote. Dawa moja ilileta shida, shida ikaitiwa dawa ya pili, ya pili ikaleta shida yake, ikaitiwa ya tatu. Kila aliyekupa dawa aliona kipande chake tu. Ni kama watu wanne kutia chumvi sufuria moja ya sombe (majani ya muhogo), kila mmoja hajui kwamba mwenzake ameshatia.

Tuangalie miguu iliyovimba. Amlodipini ya tansio inavimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi. Ni madhara yake yanayojulikana sana. Lyrica nayo inavimbisha. Zikikutana, maji yanashuka miguuni mchana kutwa, ukiwa umekaa sokoni mbele ya beseni lako. Usiku ukilala, miguu inalingana na moyo, yale maji yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa, na kibofu kinakuamsha. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wewe na farmasi mkasema: usingizi hakuna, tuongeze diazepamu. Lakini diazepamu haizuii mkojo. Kibofu kinakuamsha vilevile, ila sasa unainuka ukiwa umelewa dawa, kwenye giza, umeme hakuna, na ngazi za Kadutu tunazijua, hata mchana mtu mzima anazishuka kwa kushika ukuta. Ndipo ukaanguka.

Kuna na mlango mwingine wa mkojo huo: sukari yenyewe. Sukari ya damu ikipita takriban 180 (mg/dL) kwa kipimo cha labo zetu, figo zinashindwa kuizuia, inatoka na mkojo na kuvuta maji mengi. Kwa hiyo kabla ya kusema una ugonjwa wa kukosa usingizi, nataka mtu akupime sukari, asubuhi kabla ya kula na tena jioni. Ikiwa iko 280, dawa yako ya usingizi ni kurekebisha sukari. Na sukari ikiwa juu, hata ule moto wa miguu hautatulia, kwa maana ndiyo inayoharibu mishipa ya fahamu.

Kinywa kikavu ni kazi ya Laroxyl, na hapa nasema bila wasiwasi. Amitriptilini, ndilo jina lake halisi, inakausha mate, inafanya choo kigumu, inaziba mkojo kwa wanaume wenye tezi ya kibofu iliyokua, inatia ukungu machoni, na inashusha tansio unapoinuka ghafla. Tramadoli nayo inafunga choo, ndiyo maana kinachelewa mpaka siku nne. Jihadhari na jambo moja ninaloliona sana kwa watu wenye sukari: kinywa kinakauka, wanakunywa soda kutwa, sukari inapanda, mkojo unaongezeka, kinywa kinazidi kukauka. Kunywa maji, funda dogodogo, mengi mchana na machache baada ya saa mbili usiku. Mapapai, maharagwe na sombe vinasaidia choo kuliko watu wanavyodhani. Safisha meno vizuri, maana mate yakipungua meno yanaoza haraka.

Kusahau madeni ya sokoni ni diazepamu kwa sehemu kubwa, ikisaidiwa na Lyrica na Laroxyl. Watu wanadhani kidonge cha usingizi kinaisha asubuhi. Diazepamu haiishi. Mwili unaigeuza kuwa kitu kingine ambacho nacho kinalegeza ubongo, na kitu hicho kinaweza kuchukua siku nne au zaidi kabla nusu yake haijatoka. Kwa mtu aliyepita miaka 60 muda unarefuka zaidi. Ukimeza kila usiku, cha jana bado kimo, cha juzi bado kimo. Kwa hiyo miligramu 5 zako za leo hazifiki peke yake. Ndiyo sababu dawa hii, kwa kukosa usingizi, haipaswi kupita wiki mbili hadi nne. Wewe uko kwenye ya sita, na hakuna aliyekuambia.

Kizunguzungu kina baba wengi. Lyrica ya kwanza: katika majaribio yake, karibu watu 3 kati ya 10 walikipata. Kisha Laroxyl na amlodipini zinazoshusha tansio ukiinuka. Kisha diazepamu. Muuguzi anaweza kulitambua hili bila mashine ya bei. Akupime tansio umelala, kisha usimame, akupime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, tumempata mmoja wa wahusika. Mpaka hapo, usiku ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda, chezesha vifundo vya miguu, hesabu polepole mpaka 60, ndipo usimame. Weka taa ya betri mahali mkono unapofika. Na kama kuna chombo cha kukojolea ndani, kitumie bila aibu. Ni bora kuliko mfupa wa nyonga kuvunjika.

Nije kwa dada yako. Alichosoma ni kweli, na bado amekosea juu yako. Amitriptilini iliingia sokoni mwaka 1961 kama dawa ya huzuni kali. Baadaye waganga wakaona kwamba kwa kiasi kidogo inatuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, hata kwa mtu asiye na huzuni yoyote. Ubongo una njia za kuteremsha amri kwenye uti wa mgongo kupunguza maumivu, na dawa hii inazipa nguvu njia hizo. Kwa huzuni mara nyingi mtu anafika miligramu 75 au 150. Kwa maumivu tunaanza na 10, tunapanda taratibu, na mara nyingi hatupiti 75. Wewe una 25. Hujawa mgonjwa wa akili. Na hata mgonjwa wa akili ni mgonjwa kama wewe na mimi. Inanisikitisha kwamba neno hilo linawafanya watu hapa Bukavu waache dawa inayowafaa na kubaki wanalia usiku.

Ni haki nimtetee pia yule aliyekuongezea Lyrica. Kuchanganya Laroxyl na Lyrica si uzembe. Mwaka 2022 Waingereza walichapisha utafiti kwa wagonjwa wa sukari wenye maumivu kama yako; waliona dawa hizi zinasaidia karibu sawasawa, na kwamba ambaye moja haikumtosha, kuongezewa ya pili kulimpa nafuu zaidi. Lakini wagonjwa wale walipandishwa dozi polepole, wakifuatiliwa, figo zao zikijulikana. Wewe ulipewa 75 mara mbili kwa siku kuanzia mwanzo. Je, kuna aliyekupima kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo? Swali hili ulibebe mpaka kwa daktari. Pregabalini haivunjwi na ini. Karibu yote inatoka kupitia figo. Miaka 11 ya sukari inaweza kuwa imepunguza nguvu za figo kimyakimya. Zikiwa zimefika chini ya kiwango fulani, dozi yako inapaswa kuwa nusu, na ile unayomeza sasa inakuwa imezidi maradufu mwilini, japo kwenye karatasi inaonekana ndogo. Usingizi wa mchana, kuyumba, macho mawilimawili, vyote vinaweza kutoka hapo.

Sasa utaratibu. Chukua mfuko mmoja, tia kila kitu unachomeza: za sukari, za tansio, hizi nne, vidonge vya mafua, vitamini, hata mizizi uliyopewa na jirani. Mpelekee daktari mmoja. Chagua mmoja, hata kama si yule wa kwanza, na umwambie: kuanzia leo hakuna dawa nitakayomeza bila wewe kuijua. Najua gharama ya kuonana na daktari na ya labo si ndogo kwa mtu anayeishi kwa beseni la sambaza. Lakini hesabu unachotumia kila mwezi kwa dawa nne. Mbili kati ya hizo huenda huzihitaji.

Mwombe vitu hivi: sukari, kreatinini, tansio ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na kipimo cha umeme wa moyo kama umewahi kuugua moyo au unasikia moyo unaruka, kwa sababu Laroxyl inaweza kuvuruga mapigo. Mwulize pia juu ya vitamini B12. Metformini ikimezwa miaka mingi inazuia mwili kuchukua B12, na upungufu wake unaleta ganzi na moto wa miguu unaofanana kabisa na wa sukari. Kuna watu wanaongezewa dawa za maumivu mwaka hadi mwaka wakati sindano za B12 zingewasaidia. Ila usikimbilie kununua vidonge vya vitamini B vya kila aina. B6 ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu.

Mimi ningekuwa kwenye kiti cha huyo daktari, ningefuata mpangilio huu, naye ana haki ya kubadilisha akishakuona. Tramadoli imekwisha, hatuirudii. Amlodipini naiangalia mapema, maana huenda kubadilisha dawa ya tansio kukapunguza uvimbe na mkojo wa usiku kwa pamoja. Kisha diazepamu: tunapunguza kama robo ya dozi kila wiki mbili, na karibu na mwisho hatua zinakuwa ndogo zaidi. Usiku mbili tatu za mwanzo wa kila hatua usingizi utakuwa mwepesi. Hiyo si dalili kwamba huwezi kuishi bila dawa, ni ubongo unaozoea, unapita. Lyrica dozi yake itategemea kreatinini. Laroxyl inaweza kushuka mpaka 10 au nusu ya kidonge, na badala ya kuimeza ukiwa tayari kitandani, imeze saa moja au saa mbili usiku, ili uzito wake uishie usiku na usikusindikize mpaka sokoni. Kitu kimoja kinabadilishwa kwa wakati mmoja. Tukigusa vitatu kwa wiki moja hatutajua kipi kimekuponya na kipi kimekuumiza.

Nikuambie na ukweli ambao farmasi nyingi hazisemi: hakuna kati ya dawa hizi inayofuta maumivu ya mishipa ya fahamu yote. Ikiyapunguza kwa theluthi moja au nusu, imefanya kazi. Laroxyl inahitaji wiki kadhaa kabla ya kuihukumu. Isiposaidia kitu baada ya dozi nzuri na muda wa kutosha, iachwe, isirundikiwe nyingine juu yake. Na miguu yako iangalie kila jioni kwa macho, kati ya vidole, kwenye unyayo. Ukishindwa kuinama, mjukuu aangalie. Usiikanze kwenye babula (jiko la makaa) wakati wa baridi ya mvua. Mguu wenye ganzi unaungua bila kukuambia, na kidonda cha mtu mwenye sukari hakichezewi.

Kuhusu usingizi wenyewe. Baada ya waasi wa M23 kuingia Bukavu Februari 2025, watu wengi hapa mjini wanalala sikio moja liko wazi. Mtu anayeshtuka akisikia mlio usiku hana ugonjwa. Mwili wake unafanya kazi ya kumlinda. Sipendi kuona hofu hiyo inatibiwa kwa plaketi za diazepamu zinazouzwa bila ordonansi (karatasi ya daktari), kwa sababu hofu inabaki na dawa inabaki. Kinachosaidia ni polepole lakini kinakaa: kuamka saa ileile kila siku, hata ulipolala vibaya, kutolala mchana nyuma ya meza, au dakika 20 tu, kahawa na chai nzito kwisha adhuhuri, kuinua miguu juu ya mto kwa saa moja alasiri ili maji ya miguuni yatoke kabla ya usiku. Hili la mwisho kwako lina thamani kuliko kidonge. Ukikaa kitandani macho zaidi ya robo saa hivi, inuka, kaa kwenye kiti, sali au chambua maharagwe ya kesho, rudi usingizi ukikuita. Kasiksi (pombe ya ndizi) na bia ya Primus vinaleta usingizi wa saa mbili na kuuvunja unaobaki, na juu ya Lyrica au diazepamu ni hatari kabisa. Vilevile vidonge vya mafua vinavyolewesha, klorofeniramini na prometazini. Vinaongeza ukavu na kusahau juu ya Laroxyl.

Niwaongezee neno wasomaji wengine, kwa sababu najua mfuko wa Mama huyu si wa nyumba moja. Anayemeza dawa za kifua kikuu akaanza kuwaka miguu, huenda ni izoniazidi, na kinga yake ni B6 kwa kiasi kidogo, iulizeni kwenye kituo mnachochukulia dawa. Anayemeza dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, akakosa usingizi, amwombe mhudumu wake aihamishie asubuhi. Anayepewa Tegretol, yaani karbamazepini, kwa kifafa au maumivu ya mishipa ya fahamu, aseme kwanza kama yuko kwenye dawa za virusi vya UKIMWI au ana kipandikizi cha uzazi mkononi, kwa maana inapunguza nguvu ya vyote viwili. Na akiona upele wenye malengelenge au vidonda mdomoni, aikate siku hiyohiyo na kukimbilia hospitali. Mwenye presha ya macho asiguse Laroxyl. Nyumba yenye watoto wadogo, Laroxyl ifungiwe juu kabisa: vidonge vichache vinaweza kusimamisha moyo wa mtoto.

Mama, wewe na walio nyumbani mjue dalili za kutongoja asubuhi. Ukilala na wakikutikisa huamki vizuri, ukipumua polepole mno au midomo ikibadilika rangi. Degedege lolote. Kuzimia, au moyo kwenda mbio bila mpangilio. Kutokojoa mchana kutwa huku tumbo la chini linauma. Mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, hilo si la dawa, laweza kuwa damu iliyoganda. Na mawazo ya kutaka kufa, ambayo dawa hizi zinaweza kuyaleta au kuyaongeza. Ukiyasikia, mwambie mtu usiku huohuo, usiyaonee haya.

Na binti yako wa Goma: usimtumie. Ana mimba, na pregabalini inaongeza kidogo hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Haimezwi katika mimba ila daktari amepima na kuona hakuna njia nyingine. Isitoshe, maumivu anayoyaeleza, yanayoshuka mguuni kutoka kiunoni, ni yale ambayo pregabalini ilijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, na haikuyapunguza kuliko kidonge kitupu, ila kizunguzungu iliwaletea wengi. Angeimeza kwa hasara tupu. Aende CPN (kliniki ya wajawazito), aeleze maumivu, atumie parasetamoli kwa dozi watakayomwambia, alale ubavu akiwa na mto kati ya magoti, atembee kila siku kidogo. Asimeze ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza. Akianza kupoteza nguvu za mguu, kushindwa kuzuia mkojo, au ganzi ikimshika sehemu anayokalia, aende hospitali siku hiyo, asingoje siku ya CPN. Kama unataka kumtumia kitu kwa boti ya kesho, mtumie nauli ya pikipiki ya kumfikisha huko.